Ukurasa wa Mwenye Ufunguo

Siku Mzee Castory Chiwanga alipomkataza binti yake Yasinta kuonana na Optatus, alisahau jambo moja tu: ratiba ya jumuiya. Na ratiba hiyo aliitunga yeye mwenyewe, akaibandika kwenye mlango wa kigango cha Msalato ili asitokee mtu wa kusema hakujua. Kila Jumamosi asubuhi Jumuiya ya Mtakatifu Bakhita husali kwenye nyumba ya mwanajumuiya mmoja, zamu kwa zamu, na mwenye zamu hafungi geti. Jumamosi hii ya mwisho wa Agosti zamu ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe. Geti lilikuwa wazi, tena wazi kabisa, na Yasinta ndiye aliyelifungua.

Alikuwa ameamka kabla ya jogoo wa jirani. Alifagia ua mara mbili, maana upepo wa kiangazi wa Dodoma hauheshimu fagio la mtu. Alipanga mabenchi, akatandika mikeka, akaweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na daftari la jumuiya. Halafu akaenda kuvaa gauni. Halafu akaenda kubadilisha gauni. Wiki tatu si mchezo. Kwa wiki tatu, Jumamosi zote Optatus akizunguka mjini kutafuta kazi, Yasinta alikuwa akimwona kanisani tu, yeye mbele kwenye kwaya, mwenzake kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na katikati yao waumini mia mbili pamoja na macho ya baba.

"Hilo gauni umemvalia nani?" Mzee Castory aliuliza, kikombe cha chai mkononi.

"Nimelivalia Neno la Mungu, baba."

"Neno la Mungu halina macho."

"Basi usiwe na wasiwasi."

Mzee alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi. Alikuwa karani wa kata kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na alizoea watu wamjibu kwa barua. Binti huyu aliyefundisha darasa la tatu, na aliyekuwa katibu wa jumuiya kwa sababu ya mwandiko wake, alikuwa akimjibu kwa mdomo tangu mama yake afariki.

"Yasinta, sitaki aibu leo."

"Hata mimi sitaki, baba. Kwa hiyo leo usaini ile barua."

Barua ndiyo iliyokuwa imemnyima Yasinta usingizi kuliko hata gauni. Optatus Nduwimana alikuwa Mrundi, fundi mwashi, na alikuwa na kibali cha kufanya kazi kama sheria inavyotaka. Lakini kibali kile kilibeba jina la mwajiri wake, kampuni moja iliyokuwa ikijenga nyumba za kupangisha upande wa juu. Mwezi uliopita mafundi wageni kumi na watano waliomba siku ya kusali: wengine Jumapili, wengine saa mbili za Ijumaa. Msimamizi akawafukuza wote, akazuia pasi zao za kusafiria. Ukishafukuzwa na mwajiri, kibali nacho kimekufa. Wakapewa notisi ya kuondoka nchini, na ilikuwa ikiisha Ijumaa.

Ndipo padre wa parokia na shehe wa msikiti wa jirani wakakaa mkeka mmoja. Wakakubaliana kwamba kila jumuiya na kila msikiti uwaandikie barua ya utambulisho mafundi unaowajua: huyu tunaishi naye, tunasali naye, tabia yake ni hii. Jumatatu viongozi hao wawili wangezipeleka barua zote kwa pamoja Uhamiaji, na nakala kwa kamati ya Bunge, kuomba mafundi wapewe muda wa kutafuta mwajiri mwingine. Waliomba pia kanuni yenyewe ibadilishwe, kibali kimfuate mfanyakazi badala ya kufia mikononi mwa bosi. Lakini barua isiyo na saini ya mwenyekiti wa jumuiya padre asingeipokea, na mwenyekiti alikuwa Mzee Castory.

"Nitaangalia," mzee alisema, akageukia mlango.

Saa moja kasoro watu walianza kuingia. Mama Anjelina, makamu mwenyekiti, mjane mwenye sauti ya kengele, aliingia na salamu yake ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na ua mzima ukamwitikia. Baada yao akaja Mzee Bashiri, mfanyabiashara wa alizeti, mtu wa Kondoa, jirani na mtani wa Mzee Castory kwa miaka ishirini. Hakuja kusali. Alikuwa na kofia yake ya kufuma na bahasha ya kaki kwapani, akachukua kigoda na kuketi kando ya geti.

"Mimi ni tarishi tu," alisema. "Barua ya msikiti ninayo hapa, watu kumi na mmoja. Shehe kasema nisirudi bila ya kwenu, zote zinaingia bahasha moja. Salini, nawasubiri."

Kisha Optatus akaingia.

Alikuwa amevaa shati lake jeupe la Jumapili, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na ile mikono yake ilikuwa vilevile, mikubwa, yenye mipasuko midogo ya saruji ambayo mafuta yoyote hayakuimaliza. Alikuwa amekonda. Yasinta alihisi moyo wake ukipiga hatua moja mbele bila ruhusa. Alitaka kumuuliza amekula nini, amelalaje kwa mawazo yote yale, na nani amemkata nywele vibaya hivyo. Badala yake akayainua macho, na Optatus akayakuta yakimngoja. Walitazamana kwa muda mfupi tu, lakini wanawake wa benchi la kwanza walishausoma mtazamo huo mpaka nukta ya mwisho.

Optatus alisogea mpaka mbele ya mwenye nyumba, akainamisha kichwa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Mzee Castory aliangalia mlima, akaangalia kuku, akaangalia mshumaa. Lakini salamu ile haina mlango wa nyuma. Mwenyekiti wa jumuiya hawezi kuacha kuiitikia mbele za watu.

"Milele, Amina," alisema, kwa taabu ya mtu anayeng'olewa jino.

Walisali. Waliimba, somo likasomwa, watu wakatoa maombi. Mama mmoja akaombea mvua, ingawa mvua zenyewe zilikuwa bado zina miezi mitatu. Yasinta hakumbuki alichoimba. Anachokumbuka ni kwamba sauti nzito ya Optatus ilikuja kutoka nyuma na kukaa chini ya sauti yake, kama ilivyokuwa siku zote, na kwamba baba yake aliisikia.

Ukafika wakati wa matangazo. Yasinta akasimama na karatasi.

"Jumuiya, tuna barua ya utambulisho ya mafundi wanne tunaosali nao. Naomba mwenyekiti aisaini, Mzee Bashiri aondoke nayo."

Alisoma jina la kwanza, la pili na la tatu. Kwa kila jina watu walisema "tunamfahamu", na Mzee Castory akatia tiki. Yalikwenda vizuri hata Yasinta akathubutu kupumua.

"Wa nne, Optatus Nduwimana."

"Tunamfahamu!" watu waliitikia, kwa sauti kubwa zaidi kuliko mwanzo.

Kalamu ya mzee haikushuka. Aliiweka mezani, akalivuta daftari la jumuiya na kulifungua ukurasa wa kwanza. Katika daftari lile kila nyumba ina ukurasa wake, kichwa cha nyumba mstari wa kwanza, kisha wengine wote. Hakuna anayehesabiwa mwanajumuiya bila kuwa na nyumba.

"Hata mimi namfahamu," alisema. "Yumo humu, ukurasa wangu. Castory. Marehemu Cecilia. Yasinta. Mstari wa nne, Optatus Nduwimana, mtoto wa nyumba. Mwandiko ni wangu. Niliandika miaka minne iliyopita, kwa sababu mke wangu alimkuta amesimama nje ya kigango anasali kupitia dirishani, akaniambia, mwandike kwetu, mtu hasali bila nyumba. Nikaandika. Kwa hiyo nitamsainia, tena kwa moyo mmoja, kama mwanangu."

Watu wakaanza kupiga makofi. Mzee akainua mkono.

"Sijamaliza. Mtoto wa nyumba haposi ndani ya nyumba. Mnajua maneno yanayosemwa hapa Msalato. Basi asimame, aseme mbele yenu kwamba Yasinta ni dada yake, na hayo mengine yameisha. Akisema hivyo, nasaini sasa hivi."

Yasinta alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alijua baba yake ni mkali, alijua ni mbishi, lakini hakujua kwamba mtu anaweza kuchukua wema wa marehemu mke wake na kuugeuza kuwa kamba.

"Baba! Hiyo si haki."

"Katibu, hujapewa nafasi."

"Sisemi kama katibu. Nasema kama mwanao. Unampa mtu uhai kwa mkono mmoja, na mwingine unamdai moyo wake? Na moyo wangu nao? Nani kakwambia wa kwangu uko sokoni?"

"Kaa chini, Yasinta."

"Sikai."

Hakukaa kweli. Alisimama pale na karatasi yake, na upepo ukaipeperusha pembeni, akaibana kwa vidole viwili. Mzee Castory alimtazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka ikawa ya baba, si ya mwenyekiti.

"Unadhani nina roho mbaya? Shangazi yako kule Kibakwe aliolewa na mgeni. Mtu mzuri, mcheshi, mchapakazi. Siku moja akasema anakwenda kwao kusalimia. Mtoto wa kwanza alikuwa na miaka mitano, wa mwisho alikuwa tumboni. Mpaka leo shangazi yako akisikia basi linapiga honi barabarani anatoka nje kuangalia. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka magunia ya mtama pale. Mimi ndiye niliyewaona wale watoto. Halafu unataka nikukabidhi kwa mtu ambaye karatasi moja inaweza kumwondoa Ijumaa?"

Hakuna aliyecheka, hata Bashiri. Yasinta aliumia, kwa sababu alimpenda shangazi yake na alimpenda baba yake. Lakini kuumia si kukubali.

"Baba, mume wa shangazi aliondoka kwa miguu yake. Huyu hataki kuondoka, huyu anaondolewa. Na kalamu ya kumwondoa umeishika wewe."

Watu waligunaguna. Ndipo Optatus aliposimama. Alisogea mbele polepole, akipita kati ya mikeka kwa uangalifu asikanyage ya mtu, na Yasinta akajua kwa mwendo ule kwamba tayari ameamua. Akaogopa. Kwa dakika hiyo, Mungu amsamehe, alitamani Optatus aseme uongo. Aseme tu dada, dada, dada, apate saini, abaki Msalato, angalau awe anamwona kanisani kwenye benchi la mwisho. Nusu mkate si haba kwa mwenye njaa.

"Mzee," Optatus alisema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "naomba nifutwe."

"Ufutwe wapi?"

"Kwenye ukurasa wako. Mstari wa nne."

Mzee Castory alivua miwani. "Unajua unachosema? Ukifutwa hapa huna nyumba. Huna nyumba, huna jumuiya. Huna jumuiya, huna barua, na Ijumaa uko kwenye basi la Kigoma."

"Najua, mzee."

"Unajua?"

"Najua. Lakini nikisema Yasinta ni dada yangu, mtakuwa mmemwombea kibali mtu mwingine, si mimi. Mimi simpendi kama dada. Nampenda kama mtu anavyompenda mwanamke anayetaka kuzeeka naye. Nilipokuwa kazini nikipanga tofali, nilikuwa najenga nyumba ya bosi kwa mikono, lakini kichwani ya kwake. Madirisha yake nayajua. Nisamehe kusema hivi mbele ya wakubwa. Mimi sikusoma sana, lakini kuiba sijui. Nikibaki kwenye ukurasa wako na moyo huu nilio nao, nitakuwa naiba kila Jumamosi."

"Jina hilo aliliandikisha mama yake!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Cecilia alikuita mwanangu mpaka anakata roho!"

"Nami nilimwita mama, na kaburi lake nililijenga kwa mikono hii, na malipo nilikataa, hata maji ya kunywa. Mama alinifungulia mlango nikiwa nimesimama nje. Lakini hakunifungulia ili nimdanganye mume wake. Nifute, mzee. Kama ni kuondoka, niondoke nikiwa mtu mmoja."

Yasinta alikuwa analia, na hakujali nani anaona. Hakuna mwanaume aliyewahi kumtetea kwa kujipokonya kitu. Aliyewahi kumchumbia, afisa mmoja wa wizarani aitwaye Ludovick ambaye baba bado alimtaja mezani, alikuwa akimwonesha alivyo navyo. Huyu alikuwa anatoa alichobakiwa nacho.

Mzee Castory akakaza taya. Alikuwa amezoea vitisho vyake viishie kwenye vitisho.

"Sawa," alisema. "Katibu, mfute."

Alilisukuma daftari kuelekea kwa binti yake, na kila mtu alielewa. Alikuwa na hakika mkono wa Yasinta utashindwa.

Yasinta akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwani. Akachukua rula, akachukua kalamu nyekundu. Akaona jina la mama yake na kamsalaba kadogo pembeni, akaligusa kwa kidole kama kuomba radhi. Kisha akaweka rula chini ya mstari wa nne, akapitisha wino mwekundu juu ya jina la mtu aliyempenda kuliko usingizi. Mstari ulinyooka.

"Nimefuta, mwenyekiti."

Mzee alitazama wino ule. Alikuwa ameshinda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Basi imekwisha," alisema.

"Haijaisha," alisema Mama Anjelina.

Makamu mwenyekiti aliinuka kwenye benchi huku akijifunga khanga kiunoni, ishara ambayo wanajumuiya wakiiona huanza kusogeza miguu.

"Mwenyekiti, mwaka ule tunajenga kigango, mawe yalidaiwa kwa kila ukurasa, na vijana waliopanga vyumba walikuwa wanajificha kwenye kurasa za wenye nyumba wasibebe mawe. Nani alipiga meza akaweka sheria?"

Mzee Castory alifuta miwani kwa pindo la shati.

"Wewe. Na ukaandika nyuma ya daftari, kwa sababu wewe huwezi kuona karatasi tupu ukaiacha. Katibu, hebu tusomee, mama."

Yasinta aligeuza daftari. Kwa miaka yote aliyoandika mahudhurio humo hakuwahi kufikiria maneno yale ya jalada la nyuma yangekuja kumhusu. Akayasoma, na sauti yake ikawa inapanda kadiri alivyoendelea.

"Mwenye mlango wake na ufunguo wake, ana ukurasa wake, hata akiwa mmoja. Castory Chiwanga, mwenyekiti."

"Ilikuwa kwa ajili ya mawe!" mzee aling'aka.

"Haikuandikwa mawe," Mama Anjelina alisema. "Imeandikwa mlango. Kijana huyu kapanga chumba kwangu tangu Pasaka ya mwaka jana. Mlango kauweka mwenyewe, maana ule wangu ulikuwa umeliwa na mchwa. Kosa ni letu, hakuna aliyekumbuka kumhamisha, tulizoea kumwona kwako. Leo umemtoa. Optatus, baba, ufunguo unao?"

Optatus aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa umefungwa uzi mwekundu, na Yasinta aliutambua uzi ule. Ulitoka kwenye sare yake ya kwaya, siku kifungo kilipokatika naye Optatus akauokota. Kumbe aliuweka. Optatus akauweka ufunguo mezani, kando ya mshumaa.

Yasinta hakungoja ruhusa. Alifunua kurasa mpaka akapata iliyo safi, akaandika juu kwa herufi kubwa: NYUMBA YA OPTATUS NDUWIMANA. Mstari wa kwanza akaandika jina lake. Mbele yake, kwenye nafasi ya kazi, akaandika fundi mwashi. Kisha akaigeuza barua ikamtazama baba yake, na kalamu juu yake.

"Mwenyekiti, wa nne ni mwanajumuiya, ana nyumba. Jumuiya, mnamfahamu?"

"Tunamfahamu!" Safari hii mpaka kuku walikimbia.

"Castory," Mzee Bashiri alisema kutoka getini, "jua linapanda na mimi si kijana. Kwenye barua yetu yumo Mustapha, wa kutoka Malawi. Alifukuzwa kwa kuomba Ijumaa yake. Huyu kafukuzwa kwa kuomba Jumapili yake. Ukimwacha huyu, na mimi nirudi nikamwambie shehe amwache yule? Au unataka bahasha yetu ifike Bungeni ina tundu?"

Mzee Castory aliweka mikono yote miwili juu ya barua. Yasinta aliiona ile mikono ya ukarani, mikono iliyowaandikia vizazi viwili vya Msalato barua za mazishi, za shule, za mashamba, na hakuwahi kusikia kwamba baba yake alimnyima mtu barua aliyostahili. Hicho ndicho alichokitegemea. Hasira ya baba aliijua, lakini aliijua na aibu yake.

Mzee alivaa miwani. Akatia tiki ya nne, akasaini jina lote, akapiga mistari miwili chini yake kama zamani ofisini.

"Barua nimesaini," alisema bila kumwangalia mtu. "Kwa sababu ni halali. Hayo mengine sijayasikia."

"Utayasikia sasa hivi," Bashiri alisema. Alikuwa ameshafika mezani. Aliipokea barua, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, kisha akavua kofia. "Kijana huyu hana baba hapa. Mimi nina umri wa baba yake na sina aibu. Kwa hiyo, jirani, mimi ndiye mshenga wake. Nimekuja kuposa."

Vigelegele vya Mama Anjelina vilitangulia akili yake. Mzee Castory aliruka.

"Wewe Bashiri! Mwislamu utaposaje kwenye jumuiya ya Wakatoliki?"

"Mshenga haulizwi dini, anaulizwa adabu. Na adabu inasema mshenga akija hafukuzwi kabla hajapewa maji."

"Maji nitakupa. Jibu sina!"

"Hata maji ni mwanzo."

Watu walicheka, wakaanza kutawanyika kwa uvivu wa watu wasiotaka kukosa kitu. Yasinta alichukua ufunguo mezani akamkimbilia Optatus, akamkuta getini.

"Umesahau ufunguo."

"Sikuusahau."

Walisimama hatua moja kati yao, hatua ndefu kuliko barabara ya Kigoma. Alimwekea ufunguo kiganjani, na vidole vyake vikabaki pale zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Kiganja kile kilikuwa kigumu na cha moto, kikafunga juu ya vidole vyake, kikaachia.

"Na Uhamiaji wakikataa?" Optatus aliuliza.

"Tutaandika nyingine. Padre ana wino, shehe ana karatasi, mimi nina mkono. Watachoka wao."

"Na baba?"

"Baba ni wangu, niachie mimi. Ila huo ufunguo usinipe leo. Nitauchukua mbele za watu, mchana kweupe."

"*Ndagukunda*," alisema Optatus, nakupenda ya kwao, neno ambalo Yasinta alilijua kabla hajafundishwa maana yake. Akaenda zake, na safari hii hakuinamisha kichwa.

Yasinta aliporudi uani alimkuta baba yake peke yake mezani. Mshumaa ulikuwa umezimwa na upepo. Daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa mpya, na mzee alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa pili, uliokuwa mtupu.

"Hapa umeruka."

"Sikuruka, baba. Nimeacha."

"Umemwachia nani?"

"Unamjua. Ningeweza kujiandika mwenyewe, kalamu nilikuwa nayo. Lakini mama aliandikwa na mkono wako, mimi niliandikwa na mkono wako, na hapo pia nataka mkono wako. Ludovick usimtaje tena nyumba hii. Nitafundisha, nitaimba, nitakupikia, nitangoja. Ila kwenye mstari huo hataandikwa mwingine, na mimi sitaandikwa kwingine. Hata uzeeke na kalamu mkononi."

Mzee alilifunga daftari taratibu. Aliichukua ile kalamu ya bluu aliyosainia barua na, badala ya kuirudisha kwenye kikopo, akaichomeka kwenye mfuko wa shati.

"Hiyo ni ya jumuiya, baba."

"Najua ni ya nani." Akainuka, akakung'uta vumbi magotini, akaelekea ndani. Mlangoni akasimama, mgongo ukiwa bado kwa binti yake. "Jumamosi ijayo tunasali kwa nani?"

"Kwa Mama Anjelina."

"Kule kwenye huo mlango wa mchwa?"

"Ulishabadilishwa, baba. Upo mpya."

"Basi nitauangalia," alisema Mzee Castory. "Na kalamu nitakuja nayo."